Mtama Ulivumilia Jua, Ukaangushwa na Ushuru

Kila Juni, Mswada wa Fedha unapojadiliwa Bungeni, wakulima wa mtama hutega sikio kusikia ushuru wa bia umeamuliwaje. Wana sababu. Mmea uliofanyiwa kazi ya miaka mingi ili uhimili jua la ukanda huu wa Ziwa Victoria uliwahi kuangushwa na uamuzi mmoja wa Nairobi.

Hapa Dunga, nje kidogo ya jiji la Kisumu, anayekuja kula samaki huandaliwa ugali wa mahindi. Zamani kando ya ziwa ugali ulikuwa wa mtama, yaani kuon bel. Mahindi yaliusukuma kando enzi za ukoloni, ingawa joto ni adui wao mkubwa: jua likichoma wakati wa kutoa ndevu, chavua hufa na gunzi hubaki na mapengo. Majani ya mtama yana nta inayozuia maji yasipotee, maua yake mengi hufunguka usiku wa kuelekea alfajiri, na ukame ukibana mmea husimama kukua hadi mvua irudi. Lakini nao una kikomo. Joto likipita nyuzi 36 hadi 38 wakati wa kuchanua, punje hupungua.

Ndiyo maana watafiti waliutafutia uzao bora. Kazi iliyopata jina ilifanyika Serere, Uganda, chini ya shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki. Kinara wake alikuwa Mwingereza Hugh Doggett, aliyechapisha kitabu kizima kuhusu mtama mwaka 1970. Ni kazi ya mikono na subira. Alasiri mtafiti hutoa vifuko vya chavua kimoja kimoja kwa kibanio, kabla ua halijafunguka, kisha hufunika suke kwa mfuko wa karatasi. Asubuhi hulipakaza chavua ya mmea mwingine. Baada ya hapo ni misimu na misimu ya kupanda, kuchagua na kutupa.

Kwa njia hiyo aina ya mtama iitwayo Swazi P1207 ilioanishwa na Dobbs, mtama uliosifika kwa kustahimili kayongo, gugu linalonyonya mizizi. Mtoto wao akaitwa Serena, akasambazwa miaka ya 1960. Hukomaa mapema, hivyo huwahi kabla ukame haujakaza. Punje zake za kahawia zina tanini chungu inayowafukuza kwelea kwelea, na zinafaa kwa uji na pombe, ingawa wengi hawakupenda ugali wake. Baadaye ikaja aina nyingine, Seredo. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoendesha shirika hilo, ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikabaki na utafiti wake.

Kisha bia ikaingia. Mwaka 2004 kampuni ya East African Breweries ilizindua Senator Keg, bia ya bei nafuu iliyopunguziwa ushuru, na baadaye mtama mweupe wa Gadam, wenye asili ya Sudan, ukawa malighafi yake. Wakulima waliambiwa soko lipo, wakapanda. Mwaka 2013 serikali ikarudisha nusu ya ushuru. Bei ya keg ikapanda, wanywaji wakaikimbia, na mauzo yakaporomoka. Mtama ukakosa mnunuzi. Na mtama mweupe hauna tanini, kwa hiyo uliobaki shambani ulikuwa karamu ya ndege. Mkulima alikuwa amevumilia jua na kiangazi, akashindwa na tangazo la serikali. Ilipofika 2015 msamaha wa ushuru ukapandishwa hadi asilimia 90, lakini imani haikurudi kwa kasi ile ile.

Mwaka 2017 kampuni ikatangaza kuwekeza shilingi bilioni 15 katika kiwanda cha Kisumu, kilichoanza kazi mwaka 2019. Ni neema kwa eneo hili, lakini haitoshi. Mbegu iliyoteuliwa kwa ajili ya pipa la bia haimjali anayetaka ugali, wala joto linalopanda halitungoji.

Serikali ya kitaifa na kaunti za ziwa zitenge fedha za kudumu kwa utafiti wa mtama wa chakula, unaochanua salama katika joto la sasa na unaopendwa mezani. Nawe mkulima, usiache mbegu ya mtama aliyokuachia nyanya yako ipotee: hata Serena haingezaliwa bila mbegu zilizohifadhiwa na wakulima.