Fahamu Satelaiti Ndogo za Kujitolea na Jaribio la Mvutano Bandia Angani

Mtu akisimama ufukweni Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa mkoani Ruvuma, na kuzungusha ndoo ya maji kwa kamba kwa kasi ya kutosha, maji hayamwagiki hata ndoo inapopinduka juu ya kichwa chake. Kanuni hiyo ndiyo msingi wa mvutano bandia. Vyombo viwili vilivyounganishwa kwa kamba huzungushwa angani, na kila kilichomo ndani yake hukandamizwa sakafuni kana kwamba kina uzito.

Haja ya teknolojia hii inatokana na afya ya binadamu. Mwanaanga anayeishi bila uzito hupoteza takriban asilimia 1 hadi 1.5 ya uimara wa mifupa ya nyonga kila mwezi. Mvutano wa sayari ya Mirihi ni asilimia 38 ya ule wa Dunia, na bado haijathibitishwa iwapo kiwango hicho kinatosha kuulinda mwili.

Jaribio la kwanza lilifanyika Septemba 1966, wakati chombo cha Marekani, Gemini 11, kilipofungwa kwa kamba ya mita 30 kwenye chombo kingine na kuzungushwa. Mvutano uliopatikana ulikuwa mdogo mno, lakini kanuni ilithibitika. Hatari nayo ilionekana Februari 1996, pale kamba ya satelaiti iliyotolewa kutoka chombo cha Columbia ilipokatika baada ya kufunguliwa takriban kilomita 19.7. Kwa sababu hiyo, ni busara kufanya majaribio kwanza kwa vyombo vidogo visivyobeba watu.

Kazi hiyo haihitaji taasisi kubwa pekee. Satelaiti ya OSCAR 1, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1961, ilijengwa na wapenzi wa redio waliojitolea nchini Marekani, na taarifa za kupokelewa kwa mawimbi yake zilitoka katika nchi 28. Tangu mwaka 1999, vyuo vikuu vimekuwa vikitumia kipimo cha mchemraba wa sentimita 10 kila upande, ambacho kimepunguza sana gharama.

Hesabu za jaribio zinaeleweka. Vipande viwili vya kilo 1 kila kimoja, vikiunganishwa kwa kamba ya mita 100, vinahitaji kuzunguka mara 2.6 kwa dakika ili kupata mvutano wa Mirihi. Kamba itabeba nguvu inayolingana na kushika mzigo wa takriban gramu 380 hapa duniani. Ugumu uko kwenye mwendo. Kamba inaporefuka, mzunguko hupungua. Hivyo kila kipande kinahitaji injini ndogo ya kukifikisha kilomita 49 kwa saa, karibu sawa na kikomo cha kilomita 50 kinachowekwa kwa magari katika maeneo ya makazi nchini.

Afrika Mashariki ina uzoefu wa satelaiti za aina hii. Kenya ilipata 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyoachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 11 Mei 2018. Uganda ilifuata mwaka 2022 kwa PearlAfricaSat-1, iliyojengwa na wahandisi wake watatu wakiwa mafunzoni Japani. Mwaka 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa Tanzania imo katika maandalizi ya kurusha satelaiti yake.

Mwananchi wa Nyasa anaweza kushiriki bila kurusha chochote. Satelaiti iliyo kwenye njia ya kituo hicho, takriban kilomita 400 juu, huizunguka Dunia kwa dakika 90 hivi, na inapopita juu ya ziwa husikika kwa dakika zisizozidi 10 hivi. Chombo kinapozunguka, sauti ya redio yake hupanda na kushuka. Mwanafunzi mwenye kipokezi, antena na saa anaweza kuhesabu mapigo hayo, akatambua kasi ya mzunguko na kujua kama kamba bado imeshika. Anayetaka kurusha mawimbi, na si kusikiliza tu, anapaswa kwanza kupata leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).