Waliotangulia Mbele ya Msafara

Ukitoka Arusha kwenda Babati, ukishaiacha Minjingu nyuma, utafika njia panda inayoitwa Mbuyu wa Mjerumani. Lami inaendelea kusini kuelekea Magugu. Ukikata kulia unaingia uwanda wa Wambugwe, unavuka mto kwa Daraja la Magara, na hapo ukuta wa Bonde la Ufa unakukabili. Barabara inaupanda ukuta huo kwa kona kali, na sehemu mbaya zaidi zimemwagwa zege. Wageni wangu nawapokea kwenye njia panda hiyo: wanne, watano, wasizidi sita. Land Rover yangu ni ya paa la kufunua na haina nafasi ya zaidi ya hao. Hata ingekuwa nayo nisingewachukua, maana kundi kubwa halimsikilizi mtu.

Wengi huja wakiamini kwamba kazi ya kumpitisha mgeni katika milima hii ilianza na magari ya watalii. Mimi naiona ni kazi ya zamani sana, na waliotutangulia karibu wote walisahauliwa kuandikwa. Nimezaliwa Mbulu, baba yangu alikuwa utingo wa lori kwenye mlima huu huu, na jambo hili linanikera kiasi cha kunifanya niandike.

Ziwa Manyara liko mita 960 hivi juu ya usawa wa bahari. Mbulu mjini ni zaidi ya mita 1,700. Historia yetu nyingi imo katika tofauti hiyo. Chini kuna joto, magadi na malisho ya chumvichumvi. Juu kuna ubaridi, mvua na udongo wa kulima. Mtu wa juu alihitaji vitu vya chini, na wa chini alihitaji nafaka ya juu, kwa hiyo njia za miguu zilikuwapo kabla ya mtu yeyote kufikiria barabara. Wairaqw walipeleka nafaka kwa Wadatoga wakarudi na mifugo. Majembe, mikuki na bangili vilitoka kwa wahunzi wa Kidatoga wa ukoo wa Gidang'odiga, ambao hadi leo wanafua chuma na shaba huko Hanang na Eyasi. Mgeni hakupita hovyo. Kila eneo lilikuwa na wazee wake na msemaji wao, kahamusmo, na aliyeingia bila kupelekwa na mwenyeji alihesabiwa mvamizi. Kuwa na mtu wa kukutangulia ilikuwa ndiyo sheria ya nchi.

Hata simulizi ya asili ya Wairaqw ni ya mtu aliyeongoza njia. Wazee husimulia habari za Haymu Tipe, kiongozi wa watu walioishi Ma'angwatay. Vijana wake walitaka vita, wakamteka mwanawe wa pekee, Gemakw, wakamwambia baba awaletee adui wa kupigana naye, la sivyo mtoto auawe. Haymu akawaita Wabarbaig, tawi la Wadatoga. Vita ilipokwisha, nchi ilikuwa imeharibika, naye akaondoka usiku na jamaa yake kuelekea kaskazini. Walipofika Guser-Twalay, Gemakw akaugua asiweze kuendelea. Baba alikataa kumwacha, wakakaa hapo hapo, na kutoka hapo watu wakaenea hadi Irqwa Da'aw, nchi ya Kainam na milima inayoizunguka. Wageni huniuliza kama ni kweli. Nawajibu kwamba wazee huibishania mambo mengi simulizi hiyo, lakini sijamsikia hata mmoja akibisha kwamba baba alisimama kwa sababu ya mtoto.

Kainam ndiko ninakotaka watu wafike, na ndiko ninakokaa nao kwa muda mrefu kuliko kwingine. Ukisimama juu ya kilima cha huko unaona miteremko imekatwa matuta hadi bondeni, migomba michache, mahindi, maharage, viazi, na chini kabisa majani mabichi ya kulishia ng'ombe. Mgeni hupiga picha akisema asili ni nzuri. Asili peke yake isingefanya hivyo. Mteremko mkali kama ule, ukiuacha bila mkono wa mtu na mvua zetu, udongo wake ungeshakuwa mchanga wa Ziwa Manyara. Kilichouzuia ni kazi ya vizazi: kugeuza nyasi na kuzifukia chini ya tuta, kubeba samadi kutoka zizini hadi shambani kwa kichwa, kuelekeza maji yapite pembeni, kulima kwa pamoja shamba la huyu leo na la jirani kesho. Ng'ombe walilala ndani ya nyumba pamoja na watu. Aliyekuwa na wengi aliwakopesha marafiki wa mbali, ili ugonjwa au wavamizi wasimmalize kwa siku moja, na samadi ikagawanyika nchi nzima. Wataalamu wa kilimo wa karne ya 20 walikuja kuishangaa kazi hiyo, wakaiandika sana, na walikuwa na haki ya kuishangaa.

Nyumba nazo zilichimbwa kwenye ubavu wa kilima. Nyuma, paa la udongo lililingana na ardhi, kiasi kwamba mtu wa mbali angeliona pori tupu. Wamaasai walikuwa wakipanda kutafuta ng'ombe, na nyumba isiyoonekana ilikuwa kinga bora kuliko ukuta. Zilizobaki sasa ni chache, nyingine zimejengwa upya kwa ajili ya kuonyeshwa. Nikimwingiza mgeni humo, namwomba akae kimya kidogo kwanza hadi macho yazoee giza, aone mahali pa ng'ombe, pa ndama, pa moto na pa bibi kulala.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe karibu nchi nzima ya Afrika Mashariki. Wamaasai waliumia kuliko wengi, nguvu zao zikapungua, na Wairaqw wakaanza kutoka katika ngome yao ya milima, wakienda Karatu upande wa kaskazini na Dongobesh upande wa kusini. Ni katika majira hayo hayo, mwaka 1892, Oscar Baumann, Mwaustria aliyetumwa na kamati ya Kijerumani ya kupinga biashara ya watumwa, alipita huku na msafara mkubwa uliotoka pwani. Machi mwaka huo alifika Ngorongoro, akakuta Wamaasai wakifa kwa njaa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1894 na ramani zake zikasifiwa. Lakini msafara wa namna ile haukufuata ramani, maana ramani ndiyo kwanza ilikuwa ikichorwa. Ulifuata mtu aliyejua wapi pana maji, kijiji kipi kitauza chakula na kipi kitafyatua mishale. Kazi ya mtu yule ndiyo ninayoifanya mimi.

Wajerumani wakajenga boma Mbulu, wakatoza kodi, wakachukua wapagazi. Mwanajiografia Fritz Jaeger alizunguka nyanda hizi mwaka 1906 na 1907, akaandika juu ya nchi ya volkano kubwa. Daktari Ludwig Kohl-Larsen alikaa kando ya Ziwa Eyasi mara mbili, kati ya 1934 na 1936, kisha 1937 hadi 1939, akachimba na kupata vipande vya fuvu la mtu wa kale, na akakusanya hadithi za Wahadza na majirani zao. Hadithi hizo zilisimuliwa na watu, na mahali pa kuchimba alionyeshwa na watu. Mwishoni mwa 1933 na mwanzoni mwa 1934 Ernest Hemingway naye aliwinda upande wa Manyara na Babati, na mwaka 1935 akatoa kitabu cha safari ile, *Green Hills of Africa*. Humo angalau mbeba bunduki wake, M'Cola, amepewa nafasi kubwa. Mfuatiliaji wa nyayo mwingine, ambaye kwa maelezo ya mwandishi mwenyewe alikuwa hodari kabisa, anaitwa kwa jina la utani alilopewa na wageni kwa sababu ya kope zake. Nimekisoma kitabu hicho na ninakiheshimu. Hata hivyo mtu yule alikuwa na jina alilopewa na baba yake, na mimi ningependa kulijua kuliko uzito wa pembe za tandala waliyemfuata.

Waingereza walifungua barabara zaidi, kwa sababu zao. Mbung'o walikuwa wameshika mapori ya magharibi na kusini, na katika mpango wa maendeleo wa Mbulu, mwishoni mwa miaka ya 1940 na katika miaka ya 1950, watu walifyeka vichaka maelfu ya ekari, wakatakiwa pia kupunguza mifugo. Nchi iliyofyekwa ikajaa walowezi wa Kiiraqw. Ndivyo Haydom, iliyokuwa pori, ilivyopata watu, na mwaka 1955 Walutheri wa Norwei wakafungua hospitali ambayo leo inategemewa na mikoa kadhaa. Barabara ya Mbulu hadi Haydom kwa miongo mingi ilikuwa kwanza ya wagonjwa, ndipo ya mahindi.

Nikipita mbele ya boma huwa naongeza jambo moja ambalo si la utalii. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kiti kile kimoja kilikuwa cha Mbulu: Herman Elias Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyegombea kama mgombea binafsi, alimshinda Chifu Amri Dodo aliyesimamishwa na chama. Watanganyika wengine wote walielekea njia moja, Mbulu ikamchagua mtu wake. Mgeni akilielewa hilo, ameielewa Mbulu vizuri kuliko kwa picha mia.

Baba aliingia katika historia hii kwa mlango wa nyuma wa lori. Enzi zake Magara ilikuwa udongo mwekundu na mawe. Dereva alikaa kwenye usukani. Utingo alitembea nyuma na gogo mikononi, na lori likianza kurudi nyuma aliliingiza chini ya tairi, kisha likivuta mbele analiokota tena, kona hadi kona, mpaka juu. Abiria walishuka wakatembea. Mvua ikinyesha walilala njiani, na utingo ndiye aliyejua nyumba gani itapokea mama mwenye mtoto mchanga. Hiyo nayo ni kazi ya kuongoza wageni. Baba hakuwahi kuitwa hivyo.

Upande wa Hanang safari hubadilika sura. Mlima wenyewe una mita 3,417, volkano iliyosimama peke yake juu ya uwanda, na chini yake kuna mji wa Katesh, Ziwa Basotu lenye viboko na Ziwa Balangida lenye chumvi. Mashamba ya ngano ya Basotu yalianza mwishoni mwa miaka ya 1960, yakapanuliwa na shirika la serikali, NAFCO, kwa msaada wa Kanada hadi kufikia ekari laki moja hivi. Ardhi hiyo ilikuwa malisho bora ya Wabarbaig. Matrekta yalipita hata juu ya bung'eda, makaburi ya wazee wa heshima ambayo ukoo huyajenga kwa miezi mingi na kuyatunza kwa vizazi. Kijiji cha Mulbadaw kilishtaki, kikashinda Mahakama Kuu mwaka 1984, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaigeuza hukumu hiyo karibu yote. Mgeni anapoona ngano imetanda hadi upeo wa macho na kuniambia ni kuzuri, nasimamisha gari nimweleze yaliyokuwa hapo. Sioni haki ya kumlipisha mtu pesa kwa mandhari nikamficha gharama yake.

Kuna mahali nisiposimama. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima ilimeguka na tope likashuka na mawe na magogo juu ya Katesh, Gendabi, Jorodom na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Miezi iliyofuata wageni kadhaa waliomba wapelekwe kuona. Nilikataa, na bado nakataa. Atakayetaka kusaidia namwelekeza kwenye ofisi ya kijiji.

Katika miaka ya 1990 mpango wa utalii wa kitamaduni, ulioanzishwa na Bodi ya Utalii Tanzania pamoja na shirika la Uholanzi la SNV, ulifika pia Babati na Hanang. Kwa mara ya kwanza fedha ya mgeni ilipangiwa sehemu ya kijiji, na vijana wa hapa wakaandikwa kwa majina yao kama waongoza watalii. Kwangu hayo ni mabadiliko makubwa kuliko kuja kwa gari. Jina la aliyekupitisha sasa limo kwenye risiti.

Siku hizi lami inasogea, ya Karatu, Mbulu na Haydom hadi Daraja la Sibiti, na madereva wenzangu wanahesabu saa zitakazookolewa. Mimi nafurahia ya wagonjwa wa Haydom. Kwa wageni wangu sitabadili mwendo. Tukifika Kainam nazima injini, tunasalimia kwa Kiiraqw, “saita”, na mzee wa pale ndiye anayeanza kusema, mimi natafsiri. Malipo yake anapewa kabla ya yangu. Huanza na Haymu Tipe, na mke wake kutoka ndani humrekebisha majina ya vijito walivyovuka.