Mtihani wa B1 Preliminary

Mtihani wa B1 Preliminary ni mtihani wa kimataifa unaopima uwezo wa kutumia lugha ya Kiingereza kwa watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Hutungwa na kusahihishwa na Cambridge University Press & Assessment, ambayo ni idara ya Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza. Kwa miaka mingi ulijulikana kama Preliminary English Test, kwa kifupi PET, na jina hilo bado hutumiwa na walimu wengi.

Ni mtihani wa ngazi ya kati. Uko juu ya A2 Key na chini ya B2 First katika mfululizo wa mitihani ya Cambridge. Kuna toleo la watu wazima na toleo la shule. Yote mawili yana muundo uleule na hutoa cheti cha ngazi ileile. Tofauti iko katika mada za maswali.

Historia

Mitihani ya Cambridge kwa wageni wa lugha ya Kiingereza ilianza mwaka 1913. Mtihani wa kwanza ulichukua takriban saa 12, ulifanywa na watahiniwa 3 tu, na hakuna aliyefaulu. Ulikuwa mgumu, nao ulikusudiwa hasa kwa watu waliotaka kufundisha Kiingereza. Mitihani ya ngazi za chini ilikuja baadaye, na PET ulianzishwa karibu na mwaka 1980 kwa ajili ya wanafunzi waliokuwa wamepita hatua ya mwanzo lakini hawajafikia ngazi ya juu ya kati.

Mwaka 2001 Baraza la Ulaya lilitoa mfumo wa pamoja wa kupima ujuzi wa lugha wenye ngazi sita: A1, A2, B1, B2, C1 na C2. Mitihani ya Cambridge ilipangwa kufuatana na ngazi hizo, na hatimaye jina la ngazi likaingizwa katika jina la mtihani. Muundo unaotumika sasa ulianza Januari 2020. Kabla ya hapo kusoma na kuandika vilikuwa katika karatasi moja.

Mtihani huu usichanganywe na mitihani ya Cambridge ya kumaliza sekondari iliyofanywa na wanafunzi wa Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda wakati wa ukoloni na miaka ya kwanza ya uhuru. Ile ilikuwa mitihani ya masomo yote ya shule. Nafasi yake ilichukuliwa na mitihani ya Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1967, na kwa Tanzania ikafuata ya Baraza la Mitihani la Tanzania lililoanzishwa mwaka 1973.

Maana ya ngazi ya B1

Mtu wa ngazi ya B1 anaweza kujitegemea kwa Kiingereza katika mambo ya kawaida. Anaelewa kiini cha mazungumzo yanayohusu kazi, shule, safari na burudani. Anaweza kueleza tukio lililompata, kutoa maoni yake na kuyatolea sababu kwa ufupi. Bado hukosea, na mada ngeni humpa shida.

Kwa makadirio ya Cambridge, mwanafunzi anayeanza bila kujua chochote huhitaji saa 350 hadi 400 za kufundishwa ili kufika B1. Aliyekwisha kufika A2, ngazi inayokadiriwa kuhitaji saa 180 hadi 200, amebakiwa na karibu nusu ya safari. Hesabu hizi husaidia kupanga muda: anayesoma saa 5 kwa wiki kutoka A2 huhitaji miezi minane au zaidi, si wiki sita.

Muundo wa mtihani

Mtihani una karatasi nne, na kila moja ina uzito wa asilimia 25. Unaweza kufanywa kwa karatasi au kwa kompyuta. Kamusi hairuhusiwi.

Kusoma. Karatasi hii huchukua dakika 45 na ina maswali 32 katika sehemu sita. Sehemu ya 1 ina matangazo na ujumbe mfupi. Ya 2 humtaka mtahiniwa kuoanisha mahitaji ya watu watano na matini nane. Ya 3 ni habari ndefu yenye maswali ya kuchagua. Ya 4 ni habari iliyoondolewa sentensi tano, nazo huchaguliwa kutoka sentensi nane. Ya 5 na ya 6 zina nafasi za kujaza, sita kila moja. Katika ya 5 mtahiniwa huchagua neno, katika ya 6 hulitoa kichwani mwake.

Kuandika. Karatasi hii pia ni ya dakika 45. Swali la kwanza ni la lazima: kujibu barua pepe kwa maneno 100 hivi, kwa kufuata vidokezo vinne vilivyoandikwa kandokando ya barua hiyo. Swali la pili ni la kuchagua: makala au hadithi, nayo ya maneno 100 hivi. Kila jibu husahihishwa kwa vigezo vinne: maudhui, ufaafu wa mawasiliano, mpangilio na lugha. Kila kigezo kina alama 0 hadi 5.

Kusikiliza. Huchukua takriban dakika 30 na ina maswali 25 katika sehemu nne. Kila rekodi husikika mara mbili. Katika toleo la karatasi mtahiniwa hupewa dakika 6 za kunakili majibu.

Kuzungumza. Watahiniwa huingia wawili wawili na kukuta watahini wawili. Mmoja huuliza, mwingine husikiliza na kutoa alama. Muda ni dakika 12, au 17 ikiwa watahiniwa ni watatu. Kuna maswali ya kujieleza, kueleza picha kwa muda wa dakika moja, kujadiliana na mwenzako juu ya jambo fulani, na mwisho mazungumzo juu ya mada hiyohiyo.

Alama na madaraja

Matokeo hutolewa kwa kipimo maalumu cha Cambridge. Alama ya jumla ni wastani wa alama za stadi nne, kwa hiyo udhaifu katika stadi moja unaweza kufidiwa na nyingine.

- 160–170: daraja A. Cheti huonyesha ngazi ya B2.
- 153–159: daraja B. Cheti huonyesha B1.
- 140–152: daraja C. Cheti huonyesha B1.
- 120–139: mtahiniwa hakufikia B1, lakini hupewa cheti cha A2.

Jibu lisilo sahihi halipunguzi alama. Kwa sababu hiyo hakuna faida ya kuacha swali wazi.

Maandalizi

Hatua ya kwanza ni kujua ulipo. Karatasi za mfano pamoja na orodha ya msamiati wa ngazi hii hutolewa bure na Cambridge katika tovuti yake. Karatasi moja ifanywe yote kwa muda kamili, bila kamusi, kisha isahihishwe. Matokeo yake ndiyo yanayoonyesha stadi ipi ipewe saa nyingi zaidi. Kufanya karatasi za mfano mfululizo bila kurudi kwenye makosa hakuongezi ujuzi. Huongeza mazoea ya maswali tu.

Katika kusoma, tatizo kubwa ni muda. Maswali 32 kwa dakika 45 ni chini ya dakika moja na nusu kwa kila swali, pamoja na kusoma matini. Katika sehemu ya 2 chaguo kadhaa hutaja neno lilelile lililo katika swali bila kutimiza mahitaji yote ya mtu anayeelezwa. Jibu sahihi aghalabu hueleza jambo hilo kwa maneno mengine. Hivyo mwanafunzi ajizoeze kutafuta maana badala ya neno.

Katika kuandika, kosa la gharama kubwa ni kuacha kidokezo kimojawapo kati ya vinne. Insha nzuri yenye vidokezo vitatu hupoteza alama za maudhui hata kama sarufi yake haina doa. Inafaa kutumia dakika 5 za mwanzo kupanga na dakika 5 za mwisho kukagua. Barua pepe kwa rafiki haihitaji salamu ndefu wala lugha ya ofisini. Kukariri insha nzima ili kuibandika popote hakusaidii, kwa kuwa haitajibu swali lililoulizwa.

Katika kusikiliza, usikivu hujengwa kwa kusikiliza kila siku kidogo kidogo. Rekodi fupi isikilizwe kwanza bila maandishi, kisha pamoja na maandishi yake, kisha tena bila maandishi.

Katika kuzungumza, mwanafunzi asiye na mwenzake anaweza kuchagua picha yoyote na kuieleza kwa sauti kwa dakika moja: nani wako pichani, wako wapi, wanafanya nini, wamevaa nini, hali ya hewa ikoje. Kila mtahiniwa hupewa alama zake mwenyewe, hivyo mwenzi dhaifu hamwangushi mtu. Hata hivyo kumsikiliza, kumjibu na kumpa nafasi ya kusema ni sehemu ya kinachopimwa.

Matatizo ya kawaida kwa wasemaji wa Kiswahili

Baadhi ya makosa hutokana na tofauti za lugha hizi mbili, na kuyafahamu mapema hupunguza kazi.

Vibainishi. Kiswahili hakina maneno yanayolingana na "a" na "the". Msemaji wa Kiswahili huyasahau au kuyaweka pasipotakiwa. Sehemu ya 6 ya kusoma hupima maneno madogo kama haya.

Jinsia. Neno "yeye" humhusu mwanamume na mwanamke. Katika hadithi, mhusika anayeanza kama "she" hugeuka "he" katikati ya aya, na msomaji hupotea.

Nyakati. "Ninasoma" huweza kuwa "I read" au "I am reading". Kiingereza hutenganisha jambo la kawaida na linaloendelea sasa. La kwanza, ambalo Kiswahili hulieleza pia kwa "husoma", halifai kusemwa kwa umbo la pili. Vilevile umbo la "-me-" hushabihiana na "have" pamoja na kitenzi, lakini Kiingereza hakikubali umbo hilo pamoja na siku iliyotajwa, kama jana au mwaka juzi.

Mahali. Kiambishi "-ni" katika nyumbani, mezani na chumbani hutafsiriwa kwa maneno matatu tofauti: "at", "on" na "in".

Kuazima. Kitenzi hiki hutumika kwa anayetoa na kwa anayepokea. Kiingereza hutumia "lend" kwa wa kwanza na "borrow" kwa wa pili.

Saa. Saa mbili asubuhi ya Kiswahili ni saa nane kwa hesabu ya Kiingereza. Maswali ya kusikiliza mara nyingi huuliza wakati wa basi, mkutano au sinema, na mtahiniwa aliyezoea kubadili saa kichwani huweza kujibu kwa hesabu isiyo yake.

Majina ya herufi. Herufi E kwa Kiingereza hutamkwa kama "i" ya Kiswahili, na herufi I hutamkwa "ai". Jina linapotajwa herufi kwa herufi katika rekodi, kosa hili ni jepesi kutokea.

Maneno yanayofanana. "Hoteli" katika Afrika Mashariki mara nyingi ni mahali pa kula; "hotel" ni mahali pa kulala.

Swali kanushi. Akiulizwa "Hukwenda?", Mswahili hujibu "Ndiyo, sikwenda". Kwa Kiingereza jibu hilo huanza na "No".

Matamshi. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza kina nyingi zaidi, hivyo "ship" na "sheep" husikika sawa. Lafudhi ya Kiafrika si kosa katika mtihani huu. Kinachotakiwa ni kueleweka.

Matumizi ya cheti na mipaka yake

Cheti cha B1 Preliminary hakina tarehe ya kwisha, ingawa mwajiri au chuo kinaweza kudai cheti kipya. Hutumiwa kuonyesha kiwango cha Kiingereza kwa kazi za kawaida, kwa kozi za awali, na kama hatua ya kuelekea B2 First.

Hata hivyo haifai kujiandikisha kabla ya kujua kinachodaiwa na taasisi inayohusika. Vyuo vikuu vinavyofundisha kwa Kiingereza kwa kawaida hudai B2 au zaidi. Katika maombi ya viza na ukaazi, Uingereza ina orodha yake ya mitihani inayokubaliwa, na B1 Preliminary haumo, hata pale sheria inapotaja ngazi ya B1. Mtu anayeomba ukaazi kwa cheti hiki hukataliwa ijapokuwa Kiingereza chake kinatosha, na ada aliyolipa hairudi. IELTS, ambao Cambridge ni mmoja wa wamiliki wake, ni mtihani mwingine kabisa: hauna kufaulu wala kushindwa, na matokeo yake kwa kawaida hutambuliwa kwa miaka 2 tu.

Kwa hiyo maandalizi huanza na maswali mawili: nani atakipokea cheti, na anataka mtihani gani kwa jina lake kamili. Majibu yapatikane kwa maandishi kutoka taasisi yenyewe kabla ya kulipa ada ya mtihani.