Mlevi kwa Mlevi: Akron, 1935

Jumamosi moja ya mwezi wa Mei, mwaka 1935, William Wilson, dalali wa hisa kutoka New York, alikuwa akienda na kurudi katika ukumbi wa hoteli ya Mayflower, mjini Akron, Marekani. Shughuli iliyomleta ilikuwa imeharibika, na fedha zake zilikuwa chache. Upande mmoja wa ukumbi palikuwa na baa, vicheko vikisikika. Upande wa pili palikuwa na simu. Hakuwa amegusa kileo tangu Desemba 1934, na kwa mlevi wa kupindukia miezi mitano si muda wa kujivunia.

Alikwenda kwenye simu. Wasimulizi wengi hulipita jambo hili upesi, nalo ndilo lenye uzito. Wilson hakutafuta daktari wa kumtibu, na kasisi aliyempigia hakumtaka dua. Alimwomba amwonyeshe mlevi mwingine. Huko New York alikuwa amewasihi walevi wengi waache, asimpate hata mmoja aliyeacha. Lakini katika kuwasihi huko yeye mwenyewe hakunywa.

Kesho yake, saa kumi na moja jioni, alikutanishwa na Robert Smith, daktari wa upasuaji aliyekuwa akiangamia kwa ulevi. Smith alikubali kuketi robo saa tu. Wakazungumza mpaka saa tano ya usiku ikapita. Madhara ya kileo daktari aliyajua. Mgeni, hata hivyo, alisema kwa yale yaliyompata, tena alikiri kwamba amekuja kwa haja yake mwenyewe. Mtu anayeombwa msaada hawezi kuona kwamba anadharauliwa.

Walevi kusaidiana halikuwa jambo geni. Mwaka 1840 wanywaji sita wa Baltimore waliunda chama kwa jina la Washington, na watu kwa maelfu wakaweka ahadi ya kuacha. Lakini chama kiliwapokea hata wasiopata kulewa maishani, kikaingia katika mabishano ya kupiga kileo marufuku, na kabla ya miaka kumi kwisha kilikuwa kimefifia. Jamii iliyozaliwa Akron, ambayo baadaye iliitwa Alcoholics Anonymous, ilishika njia nyingine: mwaka 1950, katika mkutano wa Cleveland, ilithibitisha kwamba sharti la kuingia ni nia ya kuacha kunywa tu, na kwamba haitatoa rai juu ya mambo yaliyo nje yake.

Ushindi wenyewe haukuja kwa usiku mmoja. Smith alikwenda kwenye mkutano wa madaktari huko Atlantic City akarudi amelewa. Alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na jamii hiyo huhesabu umri wake tangu siku hiyo. Mwezi haujaisha, wawili hao walikuwa hospitalini kando ya kitanda cha mwanasheria mmoja aliyekuwa amefungwa kwa mikanda, kwa kuwa aliwapiga wauguzi. Hawakumpa mawaidha, walimsimulia ulevi wao. Baada ya siku chache alimwambia mkewe amletee nguo zake, akatoka, wala hakunywa tena.