Saa Kumi na Mbili Jioni, Kinangop

Mama yangu alikuwa yaya katika shamba la pareto huko Kinangop, chini ya msitu wa Nyandarua. Alianza kazi mwaka 1951 akiwa na miaka 16. Alikabidhiwa mtoto mmoja, mvulana wa kizungu ambaye hata kutembea bado. Alimbeba mgongoni kwa shuka la bluu alilopewa na memsahibu, maana Kinangop ni baridi na umande wa asubuhi hukulowesha hadi magotini. Wenye shamba walisema Kisetla, Kiswahili cha amri tupu: lete, toa, pika, upesi. Mtoto alisema lugha ya aliyembeba. Alijua Kikikuyu kabla ya Kiingereza, na Mama alilisimulia hilo kwa fahari mpaka uzeeni.

Nimesoma kumbukumbu nyingi za walowezi waliokuwa watoto nchini Kenya wakati wa Hali ya Hatari, ile iliyotangazwa na Gavana Evelyn Baring tarehe 20 Oktoba 1952. Wanaandika habari za bastola iliyowekwa mezani pembeni ya bakuli la supu, mbwa waliofunguliwa usiku, na mama aliyekwenda kuoga na bunduki. Sidhani wanadanganya. Mtoto aliyelala huku baba yake akikesha dirishani aliogopa kweli, na hofu ya mtoto haina rangi.

Sababu ya kuogopa ilikuwapo. Tarehe 24 Januari 1953, hapo hapo Kinangop, wapiganaji wa Mau Mau waliwaua Roger Ruck, mkewe Esme aliyekuwa daktari, na mtoto wao Michael wa miaka sita. Picha ya chumba cha mtoto, vitu vya kuchezea vikiwa vimetapakaa sakafuni, ilienea magazetini ng'ambo. Mara tu baada ya mauaji hayo walowezi wapatao 1,500 waliandamana hadi nyumbani kwa gavana jijini Nairobi. Kumwua mtoto kitandani ni jambo ambalo sitalitetea, hata kwa jina la ardhi. Lakini usiku ule aliuawa pia mfanyakazi wao Mkikuyu aliyetoka mbio kuwasaidia. Huyo hakupata picha, na wengi wanaosimulia habari za akina Ruck humruka.

Baada ya hapo mashamba mengi yakawa na amri moja: ifikapo saa kumi na mbili jioni, kila Mwafrika awe nje ya nyumba, milango ifungwe. Mpishi aliivisha chakula cha usiku mapema, akatoka. Mama alimwogesha mtoto, akamvalisha nguo za kulalia, akatoka. Komeo likalia nyuma yake.

Mtoto alikuwa na miaka mitatu, hakuelewa. Mlango wa jikoni ulikuwa wa mbao za mtarakwa, na chini yake palikuwa na mwanya wa vidole viwili. Alilala kifudifudi sakafuni upande wa ndani, akapenyeza vidole. Mama alichuchumaa upande wa nje akavishika, wala hakusema neno, mpaka mtoto alipoitwa mezani. Jioni nyingi ilikuwa hivyo. Kisha aliteremka mbio kwenye vibanda vya wafanyakazi kabla giza halijaingia, kwa kuwa aliyekutwa njiani usiku angeweza kupigwa risasi.

Mama alikuwa amekula kiapo cha Mau Mau. Alitwambia mwaka 2003, serikali ilipoondoa marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau. Miaka 50 aliufunga mdomo. Aliapa usiku mmoja pamoja na wafanyakazi wengine wa shamba, na asubuhi yake alimbeba mtoto kama kawaida. Nilimwuliza aliwezaje. Akasema, "Nilitaka ardhi yetu. Mtoto hakuwa amenichukulia kitu."

Kabla mwaka 1953 haujaisha, lori lilikuja. Makumi ya maelfu ya Wakikuyu waliondolewa katika mashamba ya walowezi na kupelekwa rizavu. Mama alipelekwa Murang'a, asikowahi kuishi, maana alizaliwa shambani mwa mzungu, binti wa skwota, mfanyakazi aliyeishi katika ardhi ya mlowezi. Aliolewa huko. Kuanzia katikati ya mwaka 1954 watu zaidi ya milioni moja walihamishiwa katika vijiji vipatavyo 800 vya kulazimishwa, gichagi, vyenye mahandaki na walinzi langoni. Mama alichimba handaki la kijiji chake akiwa mjamzito. Kaka yangu mkubwa alizaliwa humo mwaka 1955, akafa kwa njaa na kuhara kabla hajaota meno. Sijui kaburi lake.

Raia wa kizungu waliouawa katika vita vyote vya Mau Mau walikuwa 32. Waafrika walionyongwa kwa hukumu ya mahakama ni 1,090. Mwaka 1959 kilitoka *The Flame Trees of Thika*, kitabu maarufu cha Elspeth Huxley kuhusu utoto wake kati ya walowezi wa mwanzo. Mwaka huohuo, tarehe 3 Machi, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola. Vyote viwili ni historia ya Kenya, lakini kimoja ndicho kilichoingia kwenye rafu za nyumba nyingi duniani.

Familia ile iliuza shamba na kuondoka mwaka 1963. Wazazi wangu walipata kipande cha ardhi Kinangop kwa mkopo, wakaulipa kwa maziwa na viazi. Mama alifariki akilijua bado jina la mtoto yule, na siku aliyozaliwa.

Ikiwa ulilelewa na yaya katika mashamba yale, na umeandika au unakusudia kuandika, andika jina lake kamili, na pale alipopelekwa lori lilipomchukua. Na ikiwa nyumbani kwenu yupo bibi aliyewahi kuwa yaya, au babu aliyekuwa mpishi au mtunza farasi, kaa naye wiki hii umwulize alifungiwa mlango saa ngapi, akalala wapi. Waliokuwa na miaka 18 mwaka 1953 sasa wametimiza 90.