Hukumu ya Mtazamaji: Historia ya Midahalo ya Urais Katika Televisheni

Usiku wa Jumatano, tarehe 6 Oktoba 1976, katika mji wa San Francisco, Rais Gerald Ford wa Marekani na mpinzani wake Jimmy Carter walisimama kila mmoja nyuma ya mimbari yake, na mamilioni ya raia wakawatazama kutoka majumbani mwao. Mwandishi Max Frankel wa gazeti la New York Times alipomwuliza Rais juu ya uhusiano wa nchi yake na Urusi, Ford alijibu, kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi, kwamba Ulaya ya Mashariki haimo chini ya mamlaka ya Warusi, wala haitakuwamo maadamu yeye ndiye mtawala. Frankel alistaajabu, akampa nafasi ya kulirudi neno lake. Ford akalishikilia, akazitaja Yugoslavia, Romania na Poland moja baada ya moja kuwa ni nchi huru, ilhali askari wa Kirusi walikuwa wamepiga kambi katika ardhi ya Poland saa ile ile aliyokuwa akisema.

Robert Teeter, mpimaji wa maoni ya watu aliyekuwa akiitumikia kampeni ya Ford, alikuwa amewaweka watu wake tayari kuwapigia simu wapiga kura pindi mdahalo utakapokwisha. Waliohojiwa usiku ule ule aghalabu walisema kwamba Rais ndiye aliyeshinda, na habari ya Ulaya ya Mashariki karibu hakuna aliyeitaja. Kulipopambazuka, magazeti na televisheni zikalishika neno lile, zikalirudia na kulifasiri asubuhi na mchana kutwa, hata ilipofika jioni hukumu ilikuwa imekwisha kupinduka: waliohojiwa saa hizo walimpa Carter ushindi mkubwa, na hoja yao kuu ilikuwa kosa lile lile ambalo wenzao wa jana yake walilisikia likapita. Ford alichukua siku kadhaa kabla ya kukiri kwamba alikosea, na mwezi uliofuata akashindwa katika uchaguzi.

Nimekitanguliza kisa hiki kwa sababu mna ndani yake jambo linaloonekana, kwa sura mbalimbali, katika historia nzima ya minakasha hii: kwamba mtazamaji hutoa hukumu mara mbili, ya kwanza ikiwa yake mwenyewe, ya pili ikiwa ni ile aliyoletewa na wengine, na aghalabu ni hii ya pili inayoandikwa vitabuni.

Mwanzo wenyewe wa midahalo ya urais katika televisheni ulikuwa Jumatatu, tarehe 26 Septemba 1960, mjini Chicago, baina ya John F. Kennedy, Seneta wa Massachusetts, na Richard Nixon, Makamu wa Rais. Nixon alikuwa ametoka hospitali si siku nyingi, alikolazwa kwa ajili ya goti lililoingia usaha, naye alikuwa amekonda hata ukosi wa shati ukampwaya shingoni. Alikataa kupakwa rangi za uso na mafundi wa studio, akatosheka na poda ya kuficha ndevu. Suti yake ya kijivu hafifu ikafifia mbele ya ukuta uliokuwa wa kijivu vile vile, na jasho likamtoka kidevuni mbele ya macho ya halaiki ya watu wapatao milioni 66. Kennedy, aliyevaa suti ya rangi nzito, aliikabili kamera kila alipojibu, hata kila aliyekuwa sebuleni mwake akahisi kwamba yeye ndiye anayesemeshwa.

Kutokana na usiku huo ndipo ilipozuka riwaya mashuhuri, ambayo hata wasomi wameirithishana bila ya kuichungua, kwamba waliotazama kwa macho walimpa Kennedy ushindi na waliosikiliza redio wakampa Nixon. Asili yake ni uchunguzi wa kampuni ya Sindlinger, iliyowahoji watu 2,138, na kati yao waliosikiliza redio walikuwa 282 tu. Wataalamu waliorudi kuupima uchunguzi huo mwaka 1987 walionya kwamba idadi hiyo ni ndogo mno kubeba hukumu nzito kiasi hicho, na kwamba huenda wengi wa wasikilizaji hao wa redio walikuwa watu wa mashamba, waliokuwa tangu hapo wakiegemea upande wa Nixon. Hata hivyo, suala lenyewe halikufa. Mwaka 2003 mtaalamu James Druckman alichapisha matokeo ya jaribio alilolifanya kwa vijana wasioujua mdahalo ule. Wengine aliwaonyesha picha, wengine akawasikilizisha sauti tupu, na waliotazama picha walielekea zaidi kumpa Kennedy ushindi. Basi sura ina taathira yake, hilo ni kweli. Lakini kisa cha redio na televisheni kilivyoenea ulimwenguni kinatuonyesha pia jinsi watu wanavyosadiki upesi habari inayopendeza kusimuliwa.

Baada ya 1960 ikapita miaka 16 bila ya mnakasha mwingine wa marais. Sheria ya utangazaji ya Marekani ilivilazimisha vituo kuwapa wagombea wote nafasi sawa, hata wale wadogo wasiojulikana, na wakubwa waliokuwa mbele katika mashindano hawakuona faida ya kujihatarisha. Mlango ulifunguliwa tena mwaka 1975, pale mamlaka ya mawasiliano ilipokubali kuuhesabu mdahalo kuwa ni tukio la habari endapo umeandaliwa na watu walio nje ya vituo vyenyewe. Ndipo jumuiya ya wanawake wapiga kura ilipoichukua kazi hiyo. Katika mdahalo wa kwanza wa mwaka uliofuata, huko Philadelphia, mitambo ya sauti iliharibika, na kwa muda wa dakika 27 Ford na Carter walibaki wamesimama wima, kimya, kila mmoja akihofu kwamba akiketi au akimsemesha mwenziwe mtazamaji atamwona dhaifu. Kwa kicho cha namna hiyo waliijua nguvu ya macho yaliyokuwa yakiwatazama.

Tangu hapo pakazuka tabaka zima la wapiga debe, ambao kazi yao ni kuwangojea waandishi nje ya ukumbi na kuwaeleza kwamba mtu wao ndiye aliyeshinda. Nao ni kama wasemavyo wahenga, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mnamo 3 Oktoba 2000, mjini Boston, Al Gore alipambana na George W. Bush, na maoni yaliyopimwa mara baada ya mdahalo yalimwelekea Gore. Lakini siku zilizofuata televisheni zilirudia mara nyingi jinsi alivyokuwa akihema na kushusha pumzi mwenziwe alipokuwa akizungumza, na sifa yake ikapungua kwa jambo ambalo watazamaji wengi hawakulipa uzito siku ile.

Wala si lazima kungojea kesho. Wakati wa mdahalo wa viongozi wa vyama waliowania uwaziri mkuu wa Uingereza mwaka 2010, wataalamu wa saikolojia waliwakusanya watu 150, wakawaonyesha mdahalo wenyewe huku chini ya kioo ukipita mstari unaopanda na kushuka, ambao waliudhani kuwa ni maoni ya wapiga kura wenzao. Mstari ule ulikuwa umetengenezwa: kundi moja liliona ukimpendelea Gordon Brown, jingine likaona ukimpendelea Nick Clegg. Kila kundi likaelekea kumwona mshindi kuwa ni yule aliyependelewa na mstari wake.

Kwetu Afrika ya Mashariki, Kenya ilipata mdahalo wake wa kwanza wa namna hii tarehe 11 Februari 2013, katika shule ya Brookhouse jijini Nairobi, wagombea wote wanane wakiwa wamesimama safu moja. Miongoni mwao alikuwamo mwalimu Mohammed Abduba Dida, ambaye raia wengi hawakuwa wamepata kulisikia jina lake, naye aliwavutia watazamaji kwa ucheshi na unyoofu wa maneno. Kura zilipohesabiwa alipata 52,848 katika kura zaidi ya milioni 12, akawa wa tano, mbele ya Martha Karua aliyekuwa waziri na mbunge kwa miaka mingi. Yeyote anayedhani kwamba mdahalo hauna athari na aitazame nafasi hiyo ya tano. Na yeyote anayedhani kwamba makofi ni kura na aitazame hesabu yenyewe, kwani miungano ya vyama na mafungamano ya makabila yalikuwa yamekwisha kuzigawa kura nyingi kabla ya taa za ukumbi kuwashwa.

Lililosikitisha zaidi lilikuja baadaye. Tarehe 24 Julai 2017 mgombea Raila Odinga alisimama jukwaani peke yake, Rais Uhuru Kenyatta asitokee. Na tarehe 26 Julai 2022 William Ruto naye akahojiwa peke yake, safari hii Raila ndiye asiyekuja. Mtazamaji aliyeketi kulinganisha hoja kwa hoja akanyimwa cha kulinganisha, na ninaona hiyo ni dhuluma aliyofanyiwa raia, kwa sababu anayeomba kukabidhiwa nchi nzima hana udhuru wa kukataa kuulizwa mbele ya mshindani wake.

Kwa hiyo wagombea wana deni la kufika, na sisi watazamaji tuna deni letu. Mdahalo unapokwisha, kabla wachambuzi hawajaketi na kabla simu hazijaanza kuleta vipande vilivyokatwa na kuchaguliwa, kila mmoja wetu na ajiulize amesikia nini, ni jibu gani lililomtosheleza, na ni swali gani lililokwepwa. Kisha aziandike hoja zake mbili tatu kwa mkono wake. Baada ya hapo na awasikilize wajuzi kwa adabu, maana wapo wanaoona asichokiona yeye, kama vile waandishi wa 1976 walivyokuwa na haki kulikamata kosa la Ford lililowapita wengi. Akili za kuambiwa, walisema wazee, changanya na zako. Lakini asiyeziweka zake mapema hatakuwa na cha kuchanganya.