Pistoni za Land Rover ya Kale

Njia ipandayo kutoka Kanyabayonga kupita Alimbongo hata Lubero huijaribu injini kweli kweli, na gari likifa huko na shehena ya viazi, hasara ni ya mkulima. Basi tuitazame Land Rover ya kale.

Injini yake ya petroli ya lita 2.25, iliyoanza kutolewa mwaka 1958, ina silinda nne zenye upana wa milimita 90.5 hivi. Vumbi na miaka huzikwangua, hasa juu, pale ringi zinapogeukia. Fundi huzichonga ziwe duara tena, lakini sasa pistoni ya kwanza hucheza ndani. Yatakiwa iliyo pana zaidi, kwa sehemu 20 za elfu za inchi, yaani nusu milimita, au 40, yaani milimita moja.

Itoke wapi? Zamani maduka ya wageni yaliagiza vipuri Ulaya. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni wapewe Wazaire. Wengi waliopewa waliuza mali waliyoikuta, wasiagize nyingine. Ndipo wafanya biashara wa Butembo walipoziba pengo, wakipitisha mali Kasindi, kutoka Uganda na Mombasa, na baadaye hata Dubai.

Kwa mwendo mrefu hivyo, kosa ni ghali. Ukichonga 20 zikaja 40, huchongwa tena. Ukichonga 40 zikaja 20, huna dawa ila kungoja. Sisi twasema pistoni zitangulie, zipimwe zote nne, ndipo chuma kiguswe. Namba hugongwa kichwani mwake.